Kuzunguka Hvalfjörður kwa barabara ya zamani

Anayetoka Reykjavik kwa gari kuelekea kaskazini mwa Iceland hufika, baada ya kama nusu saa, kwenye mdomo wa handaki linalopita chini ya bahari. Handaki hilo lilifunguliwa tarehe 11 Julai 1998, lina urefu wa mita 5,770, hushuka hadi mita 165 chini ya usawa wa bahari, na gari hulimaliza kwa muda wa dakika saba hivi. Kabla ya hapo kila msafiri alilazimika kuuzunguka ukingo mzima wa Hvalfjörður, fyodi yenye urefu wa kilomita 30 hivi inayoingia bara baina ya milima mirefu, na mzunguko huo ulimchukua karibu saa nzima, hali ya hewa ikimruhusu. Siku ile handaki lilipofunguliwa, malori ya samaki, mabasi na magari ya watu wenye haraka yaliiacha barabara ya zamani, namba 47, ikabaki kwa wakulima, wachuma matunda ya porini na wageni wachache. Utulivu ambao kila anayefika huko huusifu ulianza hapo. Kwa karne nyingi kabla yake, fyodi hii ilikuwa njia kuu, maficho, bandari ya vita na mahali pa kazi nzito, na ninaamini kwamba mtu hauelewi utulivu wake mpaka ajue ni kelele gani zilizokuwapo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayefanya kazi Olkaria, na nimekuja Iceland kwa mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi, yaani matumizi ya joto la chini ya ardhi, mafunzo ambayo Wakenya wengi wa fani yetu wameyapitia kabla yangu. Mwezi Septemba aliwasili pia dada mmoja kutoka Tanga, afisa uvuvi, kwa mafunzo ya mambo ya bahari. Tulipofahamiana tukakubaliana kwamba watu wawili waliokulia kando ya maji ya chumvi hawawezi kukaa mjini wakati fyodi iko karibu kiasi hicho. Tukakodi gari siku ya Jumamosi, tukaupita mlima Esja ulio juu ya jiji kwa mita 914, na hatua chache kabla ya mdomo wa handaki tukakata kulia.

Jambo la kwanza linalomgusa mtu wa pwani yetu ni kwamba maji haya ni bahari, ingawa yanaonekana kama ziwa. Milima imesimama pande zote mbili, imejengeka kwa matabaka ya mawe meusi yaliyolala moja juu ya jingine, na kila tabaka ni mtiririko wa lava wa enzi fulani. Mabonde ya namna hii yalichongwa na barafu nzito iliyoteremka polepole kutoka nyanda za juu katika zama za barafu, ikikwangua miamba mpaka chini ya usawa wa bahari. Barafu ilipoyeyuka, miaka ipatayo elfu kumi iliyopita, bahari ikaingia. Mikono ya bahari ya kwetu, kama ile ya Tudor, Mtwapa na Kilifi, ilitokea kwa njia nyingine: ni mabonde yaliyochimbwa na mito wakati kina cha bahari kilipokuwa chini, kisha yakafunikwa maji yalipopanda. Kwa sababu hiyo huku hakuna mikoko wala tope la kuzama miguu. Mteremko unatoka kileleni, unapita kwenye nyasi na mawe, na kuingia majini bila kusita.

Upande wa kusini tulipita Hvammsvík, ambapo kuna madimbwi ya maji ya moto yaliyojengwa kwa mawe ufukweni kabisa, na bahari inapojaa huingia katika baadhi yake na kuyapoza. Mtu wa jotoardhi hawezi kupita mahali pa namna hiyo bila kusimama. Nilieleza kwa kirefu, pengine kwa kirefu kupita kiasi, jinsi maji ya mvua yanavyozama kwenye nyufa za miamba, yakapata joto chini, yakarudi juu au yakafuatwa kwa visima, na jinsi maji ya namna hiyo yanavyopasha joto takriban nyumba tisa katika kila kumi za nchi hii. Mwenzangu alisikiliza kwa subira, kisha akanielekeza macho kwenye alama ya maji juu ya mawe na kusema, "Kaka, leo ni bamvua." Alikuwa sahihi. Bahari ilikuwa imekupwa mbali mno, kwa kuwa hapa pia tofauti kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, sawa na tuliyoizoea kwetu, na ufuo mzima ulikuwa wazi ukingoja kutembelewa.

Tulishuka karibu na Fossá, ambapo mto mdogo unaanguka kwa maporomoko mafupi karibu na barabara. Kando yake kuna zizi kuukuu lililojengwa kwa mawe matupu, lenye uwanja katikati na vyumba vilivyouzunguka. Kondoo wa Iceland huachwa milimani majira yote ya joto bila mchungaji, na mwezi Septemba wenye mifugo hupanda kuwakusanya, wakawateremsha hadi kwenye mazizi ya namna hii, ambapo kila mwenye mali huwatambua wake kwa alama za masikio na kuwavuta kwa pembe mpaka chumba chake. Zizi la Fossá lilikuwa tupu tulipofika. Mawe yake yamepangwa kwa mkono bila udongo wala saruji, na upande unaopigwa na upepo yameota kuvu ya rangi ya manjano na kijivu.

Chini ya barabara ndipo dada yangu wa Tanga alipokuwa mwenyeji wangu. Mawe yote ya ufuoni yalikuwa yamefunikwa na mwani wa kahawia wenye vifuko vidogo vya hewa ambavyo hupasuka ukivikanyaga, na chini ya mwani walikuwapo kome, weusi wenye rangi ya buluu kwa ndani, wameng'ang'ania mwamba kwa nyuzi nyembamba ambazo hazikatiki kirahisi. Alichuchumaa, akamshika mmoja kati ya vidole viwili, akamzungusha kidogo badala ya kumvuta, na kome akaachia. Akanionyesha nyuzi zile, jinsi mnyama anavyozitoa mwenyewe na kuzigandisha kwenye jiwe, na jinsi anavyojifunga ghafla akiguswa, jambo linalothibitisha kuwa yu hai. "Ufuo kama huu kwetu," alisema, "ungekuwa na kina mama na ndoo zao tangu alfajiri." Hapa hapakuwa na mtu. Kome wa Hvalfjörður huchumwa na kuliwa, lakini kwa kuwa hujilisha kwa kuchuja maji, hujikusanyia pia sumu ya vijimea vya baharini pale vijimea hivyo vinapozaliana kwa wingi, na mamlaka za chakula hutoa tahadhari ambazo mchumaji anapaswa kuzisoma kwanza. Sisi hatukuwa tumezisoma, kwa hiyo alimrudisha kome wake mahali penye unyevu na tukaridhika na kutazama.

Kabla ya Fossá tulikuwa tumesimama Hvítanes, na ni lazima nirudi nyuma kidogo kupaeleza, kwa sababu hapo ndipo historia ya fyodi hii inapokutana na ya mji niliozaliwa. Waingereza waliikalia Iceland tarehe 10 Mei 1940, na baada ya muda mfupi wakaifanya Hvalfjörður kuwa maegesho makubwa ya manowari na meli za mizigo, kwa kuwa ina kina kirefu, ina kinga ya milima, na mlango wake ni rahisi kulindwa. Hvítanes palijengwa kambi na gati. Leo yamebaki misingi ya zege, kuta zilizobomoka na mabaki ya gati yanayoinamia majini. Kutoka fyodi hii, mwezi Agosti 1941, uliondoka msafara wa kwanza wa meli za kupeleka silaha na vifaa Umoja wa Kisovyeti kupitia bahari ya kaskazini. Tarehe 27 Juni 1942 uliondoka msafara ulioitwa PQ 17, wenye meli za mizigo 35. Tarehe 4 Julai amri ikatoka London kwamba meli zitawanyike, kwa hofu ya manowari kubwa za Ujerumani, na zikabaki bila ulinzi mbele ya nyambizi na ndege; meli 24 zilizamishwa. Mabaharia hao, wengi wao wakiwa raia wa kawaida wa meli za biashara, ardhi ya mwisho waliyoizoea machoni ilikuwa milima hii hii niliyokuwa nikiitazama.

Mwaka huo huo wa 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwezi Aprili, meli za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamishiwa Kilindini. Nilikua nikisikia wazee wa Mombasa wakitaja wakati ambapo bandari ilijaa manowari na mji ukajaa askari wa kila rangi, na sikuwahi kufikiria kwamba upande wa pili wa dunia kulikuwa na mkono mwingine wa bahari uliochaguliwa kwa sababu zile zile za kina na kinga. Kilindini haikunyamaza tena. Iliendelea kuwa bandari, ikakua. Hvítanes pamerudi kwa kondoo.

Mwisho wa fyodi kuna bonde la Botnsdalur, na juu yake maporomoko ya Glymur, yenye urefu wa mita 198, ambayo kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa marefu kuliko yote nchini. Njia ya kupanda inapita ndani ya pango dogo, kisha inavuka mto kwa gogo moja lililolazwa juu ya maji pamoja na waya wa kushikilia. Gogo hilo huwekwa majira ya joto tu. Kuanzia hapo mtu hupanda ukingoni mwa korongo lembamba, ambalo kuta zake zimejaa ndege wa baharini waliotaga kwenye vijukwaa vya mwamba, na kadiri unavyopanda ndivyo sauti ya maji inavyozidi kutoka chini kabisa ambako macho hayafiki. Mwenzangu aliona ajabu kuwakuta ndege wa bahari katikati ya mlima. Lakini bahari iko chini tu, ukigeuka unaiona yote.

Wenyeji wanayo hadithi ya jinsi fyodi ilivyopata jina lake, ambalo maana yake ni fyodi ya nyangumi. Mtu mmoja aliachwa na wenzake kwenye miamba ya mbali baharini, akaishi mwaka mzima na viumbe wa siri, akazaa na mwanamke wa jamii hiyo. Aliporudi kwa watu, mwanamke yule alimletea mtoto kanisani ili abatizwe, naye akamkana mtoto mbele ya kanisa zima. Mama akamlaani, na mwanamume huyo akakimbia kwa wazimu mpaka ukingoni, akajitupa baharini na kugeuka nyangumi mwenye kichwa chekundu, kwa kuwa siku ile alikuwa amevaa kofia nyekundu. Nyangumi huyo akawa anazamisha mashua, na miongoni mwa aliowaua walikuwamo wana wawili wa kasisi mzee kipofu. Kasisi akaenda ufukweni na fimbo yake, akamvuta nyangumi kwa nguvu za maneno yake, huku akitembea kando ya maji, kutoka fyodini hadi mtoni, kutoka mtoni hadi ndani ya korongo la Glymur ambamo ardhi ilitikisika alipokuwa akijipenyeza, mpaka ziwa Hvalvatn lililo juu, na hapo moyo wa nyangumi ukapasuka. Mtu aliyelelewa kwa hadithi za majini na za watu waliochukuliwa na bahari haoni shida kuipokea hadithi kama hii. Kilichonigusa zaidi ni chanzo cha msiba wote: baba aliyemkana mwanawe hadharani.

Upande wa kaskazini, chini ya mlima Þyrill, kuna kituo cha nyangumi kilichoanza kazi mwaka 1948, kikitumia baadhi ya majengo yaliyoachwa na majeshi. Humo ndimo nyangumi wakubwa walimovutwa na kukatwakatwa. Iceland ilirejea uwindaji wa kibiashara mwaka 2006, na suala hilo limewagawanya wananchi wenyewe. Mimi nimewaona nyangumi wakipita Watamu na watu wakipata riziki kwa kuwapeleka wageni kuwatazama, na moyo wangu uko upande wa nyangumi. Lakini hapa nilikuwa mgeni, na nilipita taratibu bila kupiga picha.

Mbele ya Þyrill kuna kisiwa kidogo cha mwamba kiitwacho Geirshólmi, na hapo tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Masimulizi ya kale ya Iceland yanasema kwamba kundi la watu waliofukuzwa na sheria walijihami kisiwani humo chini ya kiongozi wao Hörður, wakiishi kwa kupora mifugo ya wakulima. Wakulima waliwaahidi msamaha na njia salama, wakawavusha nchi kavu kwa mashua, kundi baada ya kundi, na kuwaua kila walipofika. Helga, mke wa Hörður, hakuiamini ahadi hiyo, akabaki kisiwani na wanawe wawili. Alipokwisha kujua yaliyotokea, usiku ule aliingia majini na kuogelea hadi ufukweni akiwa amembeba mdogo, Björn, mwenye umri wa miaka minne, kisha akarudi kumpokea Grímkell, wa miaka minane, aliyekuwa akiogelea nyuma na kuishiwa nguvu. Akawapandisha watoto mlimani gizani kupitia ufa ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Niliweka mkono majini nikaushikilia humo kwa makusudi, ili nijue. Baada ya muda mfupi vidole vilianza kuuma, na baadaye kidogo sikuvihisi tena.

Mwanamke wa pili wa fyodi hii si wa masimulizi, ni wa historia iliyoandikwa, na kaburi la mumewe liko Saurbær, umbali mfupi kuelekea magharibi. Guðríður Símonardóttir alikuwa mke wa mvuvi katika visiwa vya Vestmannaeyjar mwaka 1627, maharamia kutoka Afrika Kaskazini walipovamia visiwa hivyo na kuchukua watu wapatao 240. Akauzwa utumwani Algiers. Alikaa huko karibu miaka kumi, mpaka mfalme wa Denmark alipolipa fidia mwaka 1636 kwa ajili ya wachache miongoni mwao. Mwanawe aliyechukuliwa pamoja naye alibaki nyuma. Huko Copenhagen waliokombolewa walipewa mwanafunzi kijana wa kuwafundisha upya dini ya Kikristo, na kijana huyo, Hallgrímur Pétursson, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 16 hivi, akampenda. Walioana, wakarudi Iceland katika umaskini, wakamzika binti yao mdogo, Steinunn, ambaye baba yake alimchongea jiwe la kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1651 Hallgrímur akapewa parokia ya Saurbær.

Hapo, mbele ya maji haya, ndipo alipotunga tenzi 50 za mateso ya Yesu zilizochapishwa mwaka 1666, ambazo husomwa redioni kila Kwaresima tangu mwaka 1944, utenzi mmoja kwa siku. Mtu wa pwani yetu anaelewa vizuri nafasi ya utenzi wa dini unaojulikana na watu wa kila tabaka na kusomwa msimu maalumu kila mwaka. Baadaye ukoma ulimshika, akaacha kazi, na akafariki mwaka 1674 katika shamba la Ferstikla, karibu na hapo. Kanisa kubwa la Reykjavik, ambalo mnara wake unaonekana kutoka kila kona ya jiji, limeitwa kwa jina lake, na hili dogo la Saurbær, lililowekwa wakfu mwaka 1957, pia. Watu walimwita mkewe kwa jina la dhihaka lenye kumkumbusha utumwa wake, na kwa vizazi vingi walimsimulia vibaya, kana kwamba kosa la kutekwa lilikuwa lake. Dada yangu alisikia haya yote kimya, kisha akasema, "Bagamoyo na Unguja tunaonyesha walikopitia watumwa. Wale wachache waliorudi kwao, nani aliwahi kuuliza walipokelewaje?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile swali hilo halijaniondoka.

Haitakuwa haki kuficha kwamba karibu na mdomo wa fyodi, upande huo wa kaskazini, kuna viwanda vya Grundartangi, kimoja cha alumini na kingine cha ferosilikoni, yaani mchanganyiko wa chuma na silikoni, vyenye majengo marefu na gati lake. Wapo wanaoviona kuwa aibu. Mimi ninafanya kazi ya kuzalisha umeme wa mvuke ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, mabomba yetu yanapita katikati ya pundamilia na swala, na ninajua kwamba umeme huo unawasha taa za watu. Kwa hiyo siwezi kuvilaani viwanda hivi kwa wepesi. Ninachotamani ni kwamba visizidi hapo vilipo, na kwamba upande wa ndani wa fyodi uachiwe kondoo, kome na wenyeji wake.

Kwa wenzangu watakaokuja Iceland kwa mafunzo: hakuna basi la kuzunguka barabara namba 47, kwa hiyo changishaneni mkodi gari, mjaze mafuta kabla ya kutoka Mosfellsbær na mbebe chakula. Tazameni jedwali la maji ili mfike Fossá yakiwa yamekupwa. Anayetaka kupanda Glymur aende kabla gogo halijaondolewa, avae viatu visivyoteleza, na ajitengee saa tatu au nne kwa ajili ya njia hiyo peke yake, vinginevyo jioni itamkuta Botnsdalur naye hajafika Saurbær.